Dhahabu inatoka Bafwasende: sauti yake iko wapi?



Barabara ya taifa namba 4 inaleta mjini kwetu mali ya msitu. Dhahabu inakuja imefungwa katika kikaratasi, ndani ya mfuko wa shati. Almasi inakuja imefichwa vizuri zaidi. Mbao zinakuja juu ya malori, wazi, kila mtu akiziona. Vyote vinafika Kisangani, vinapimwa, vinauzwa, vinapita. Mizani ya mnunuzi haikosi kazi. Lakini iko mizani nyingine, nayo ni ile ya uchaguzi. Je, hiyo inawapima watu wa msitu namna gani? Hayo ndiyo maneno yetu leo. Tunaomba kila mtu ayasome mpaka mwisho, na anayejua kusoma amsomee ndugu yake asiyejua.

Tuchukue Bafwasende iwe mfano. Ni teritwari kubwa kupita zote za jimbo la Tshopo: kilomita mraba karibu 47,000. Ubelgiji nzima, ile iliyotutawala tangu 1908 mpaka 1960, ina kilomita mraba kama 30,500. Maana yake teritwari moja ya kwetu inaimeza nchi ya wale waliojiita mabwana wetu, na nafasi inabaki. Ndani yake kuna mito Lindi na Tshopo. Kuna dhahabu upande wa Opienge na mahali pengi pengine. Kuna almasi. Kuna miti ya thamani. Kusini kuna mbuga ya Maiko, iliyowekwa mwaka 1970. Hakuna mtu anayeweza kusema Bafwasende ni maskini wa mali. Ni maskini wa barabara, wa dawa, wa madarasa, na zaidi ya yote wa sauti.

Sasa tueleze jambo la sauti pole pole, maana wengi wanapiga kura bila kuambiwa kura inahesabiwa namna gani.

Jimbo letu la Tshopo lilizaliwa mwaka 2015, Mkoa wa Mashariki ulipogawanywa. Lina mji wa Kisangani na teritwari saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Kila teritwari ni eneo la uchaguzi peke yake, na mji vilevile. Bunge la taifa lina viti 500. Sheria ya uchaguzi inataka wote walioandikishwa katika nchi nzima wagawanywe kwa 500, ndipo ijulikane kiti kimoja ni cha watu wangapi. Kwa uchaguzi wa Desemba 2023 walioandikishwa walikuwa karibu milioni 44. Gawanya kwa 500: kiti kimoja ni kama kadi 88,000. Teritwari yenye kadi pungufu ya hizo haikosi kiti kimoja. Lakini ikitaka cha pili, lazima ionyeshe kadi.

Angalieni neno hilo: kadi. Mwaka 1960, tulipochagua wabunge wa kwanza, hesabu ilikuwa nyingine. Ilikuwa mbunge mmoja kwa wakaaji 100,000, mtoto na mzee wote wakihesabiwa, na viti vilikuwa 137. Uchaguzi ule ulikuwa na dosari kubwa, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Lakini katika kugawa viti, mtoto aliyebebwa mgongoni alikuwa mtu. Leo nchi yetu haijahesabu watu wake wote tangu mwaka 1984. Kwa sababu hiyo kinachohesabiwa ni kadi ya mpiga kura, na asiye na kadi hayumo.

Ndugu mchimbaji, hapo ndipo jambo linakugusa wewe. Uliandikishwa Mangobo au Kabondo, kwa mama yako, kisha ukachukua chepe na chekeche ukaingia msituni. Mwaka wa kwanza ulikuwa Bafwasende, mwaka wa pili Banalia, kisha ukarudi Bafwasende kwa sababu ulisikia shimo jipya limetoa. Una mke huko, una shamba la mihogo, una deni kwa PDG wa shimo. Lakini jina lako liko kwenye orodha ya Mangobo. Siku ya kura huwezi kupiga pale unapoishi, na siku ya kugawa viti hukuhesabiwa pale unapochimba. Shimo likiwa na wanaume 500, wote wameandikishwa kwingine, kwa hesabu ya Tume ya uchaguzi shimo lile ni msitu mtupu. Nyani na wewe mko sawa. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Yako mengine. Tangu sheria ya Desemba 2017, chama au orodha ya kupata kiti cha Bunge la taifa lazima kwanza ipate kura moja katika kila 100 zilizopigwa nchi nzima. Tufanye hesabu pamoja. Mwaka 2023 waliopiga kura walikuwa kama milioni 18. Sehemu moja katika 100 ni kura kama 180,000. Sasa chukueni teritwari yenye kiti kimoja, yenye kadi kama 88,000. Hata watu wote wa teritwari hiyo, mpaka mgonjwa na kipofu, wangempigia mtu mmoja wanayemwamini, asiye na chama, mtu huyo angeshindwa. Angeshindwa kwa sababu Kinshasa, Lubumbashi na Mbuji-Mayi hawakumjua.

Tunajua kwa nini sheria hiyo iliwekwa. Vyama vilikuwa mamia, vingine ni vya mtu na mkewe na karani wao. Kuvipunguza si jambo baya. Lakini ubaya umemwangukia mtu wa msitu. Anayetaka kumwakilisha lazima kwanza aende kuomba mlango kwa wakubwa wa chama cha mbali, na aliyepewa mlango hamsahau bawabu wake. Akishachaguliwa, anasikiliza upande gani? Upande wa Opienge, ambako hakuna simu inayoshika vizuri, au upande wa yule aliyeandika jina lake juu ya orodha? Hatumtaji mtu. Kila mmoja amtazame mbunge wake na ajijibu mwenyewe.

Basi wengine watasema: mambo ya Bunge ni ya mbali, kwa mto ni kilomita 1,700 na zaidi, tuachieni tuchimbe. Ndugu, ngojeni kidogo. Mbunge ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko karibu na nyumba yako, na ndiyo yenye franka.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Inasema kampuni yenye hati ya kuchimba italipa kodi ya madini yaliyotoka: sehemu 3 na nusu katika 100 kwa dhahabu, sehemu 6 kwa almasi na mawe mengine ya thamani. Kodi hiyo inagawanywa hivi: katika kila franka 100, 50 ni za serkali ya Kinshasa, 25 ni za jimbo, 15 ni za sekta, cheferi au komini ambamo madini yanachimbwa, na 10 ni akiba ya watoto watakaozaliwa. Tena kampuni inatakiwa kutenga sehemu ndogo ya mauzo yake, 3 katika kila 1,000, kwa maendeleo ya vijiji vilivyo karibu na machimbo.

Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 nayo ina maneno kama hayo. Kodi ya eneo la msitu uliokodishwa ilipangwa hivi: 60 za serkali kuu, 25 za jimbo, 15 za sekta au cheferi. Na kampuni ya mbao haina ruhusa kukata mti kabla ya kuandikiana na wanakijiji daftari la masharti, wanaloliita kaye desharji: barabara, shule, nyumba ya dawa. Mfano wa mapatano uliowekwa na wizara mwaka 2010 ulitaja dola 2 mpaka 5 kwa kila meta kibiki ya mti, kufuata aina yake, ziingie katika mfuko wa kijiji.

Mmesikia. Mali ya sekta imeandikwa katika sheria. Haiombwi, haipigiwi magoti. Sasa tuulize swali moja tu: fedha hizo zikifika sekta, nani anazipokea kwa jina lako?

Katiba ya 2006 inasema mji, komini, sekta na cheferi vinajitawala kwa mabaraza yaliyochaguliwa. Sheria ya Oktoba 2008 ikafafanua kwamba sekta iwe na baraza lake, na baraza limchague mkuu wa sekta. Tumepiga kura mwaka 2006. Tumepiga mwaka 2011. Tumepiga mwaka 2018. Tumepiga mwaka 2023. Katika mara hizo nne, mwanakijiji wa Bafwasende hakupewa hata mara moja karatasi ya kuchagua baraza la sekta yake. Mwaka 2023 karatasi ya washauri wa komini ilitolewa katika miji mikuu ya majimbo. Sisi wa mjini tulikumbukwa, wao wa msituni waliambiwa wangoje. Wakuu wa sekta waliendelea kuwekwa kutoka juu. Na teritwari yenyewe, ile inayochagua wabunge, haina mfuko wake. Mkuu wake ni mtumishi aliyetumwa.

Kwa hiyo tazameni hali ilivyo. Mahali ambapo kuna kura hakuna mfuko, na mahali penye mfuko hakuna kura. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, lakini hakuna mtu wa kijiji aliyechaguliwa kulifungua.

Na mchimbaji wa mkono asidhani ametoka katika maneno haya, eti kodi hiyo ni ya makampuni. Kweli, kodi hiyo ni ya wenye hati. Lakini wewe unalipa kila siku. Unalipa kwenye kizuizi cha kwanza, unalipa kwenye cha pili, unamlipa mwenye bunduki, unamlipa anayesema yeye ni karani. Sheria inakutaka uwe na karte ya mchimbaji, uwe ndani ya koperativi, uchimbe katika eneo lililowekwa kwa wachimbaji wa mkono. Vema. Lakini nani atadai kwamba eneo hilo lifunguliwe kwenu, na lisiwe katika kinamasi kisicho na kitu? Nani atauliza kizuizi kile kimewekwa kwa amri gani? Kazi hiyo ni ya baraza lililochaguliwa, na ya mbunge anayehesabu kadi zenu kabla ya kulala.

Habari za kukosa sauti si mpya katika nchi hii. Tarehe 14 Aprili 1911 serkali ya Ubelgiji ilipatana na Mwingereza William Lever juu ya michikichi yetu. Alipewa duara tano katika Kongo, kila moja kilomita 60 toka kati mpaka ukingoni, achague humo ardhi ya mafuta yake. Duara moja lilikuwa Elisabetha, ambayo leo ni Lokutu, teritwari ya Basoko. Hakuna mtu mmoja wa Basoko aliyeulizwa. Baadaye kampuni ikawa Unilever, na mwaka 2009 Unilever ikauza mashamba hayo kwa kampuni ya Feronia. Mwaka ule tulikuwa na katiba, tulikuwa na wabunge. Lakini karatasi za ardhi ziliendelea kupita mikononi mwa wengine. Mwaka 2018 watu wa vijiji vya huko walipeleka mashtaka yao juu ya ardhi mpaka Ulaya, kwa banki zilizoikopesha kampuni. Walifika Ujerumani. Hapa nyumbani baraza la sekta la kuyapokea mashtaka hayo halikuwepo.

Na sisi wa Kisangani tuna kumbukumbu yetu. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya mji huu, na watu wetu walikufa kwa mamia ndani ya nyumba zao. Kila mtu mzima hapa anajua almasi na dhahabu zilikuwa na sehemu yao katika ugomvi ule. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa mabaya iliyoyafanya katika nchi yetu, na milioni 60 kati yake ni kwa ajili ya mali ya asili. Hesabu ilikuja baada ya zaidi ya miaka 20. Mali isiyo na msemaji wa haki hupata msemaji mwingine, naye huja na mzinga.

Sasa yako maneno matatu ambayo watu hutuambia, nasi tunataka kuyajibu kwa heshima.

La kwanza: wachimbaji ni wageni, wakipiga kura Bafwasende watawafunika wenyeji. Hofu hiyo tunaielewa. Mbali na nyumbani, kijana wa shimo anaweza kusahau kwamba msitu una wenyewe. Lakini hatusemi mtu adanganye makao yake. Tunasema aandikishwe pale anapoishi kweli. Mgeni aliyekaa miaka mitano, anayezaa na kulima na kuzika hapo, maji machafu ya machimbo yanamuumiza kama yanavyomuumiza mwenyeji. Wakigawanyika hao wawili, atafurahi nani? Atafurahi yule anayewalipisha wote kwenye kizuizi.

La pili: tuna sultani na wazee, baraza la nini? Tunawaheshimu wazee. Katika cheferi, sheria yenyewe inaacha kiti cha sultani kifuate desturi. Lakini mzee anayepokea fedha za kampuni peke yake, usiku, bila shahidi, anawekwa katika majaribu ambayo hata mtakatifu angeyaogopa. Baraza halimvunji sultani mwema. Linamkinga na maneno. Sultani mbaya ndiye anayelikataa.

La tatu: uchaguzi wa sekta ni gharama, nchi haina fedha. Tumesikia hivyo tangu 2006. Fedha za kumchagua Rais zimepatikana mara nne. Tena, ni gharama ngapi kuacha 15 katika kila 100 za kodi zipite kila mwaka bila mwangalizi aliyechaguliwa?

Ndugu, haitoshi kulalamika karibu na glasi ya lotoko. Tunapendekeza kazi tatu, na kila mtu anaweza kushika mojawapo.

Mchimbaji ashike ya kadi. Siku za kuandikisha zikifunguliwa tena, wa shimo lile lile waende pamoja, waume kwa wake. Mama anayeuza pondu na makayabu machimboni ana kadi sawa na ya PDG. Koperativi itafute mapema kituo cha kuandikisha kiko wapi, na ikiwa kiko mwendo wa siku mbili, iandike barua ya kudai kingine, ikae na nakala.

Mwanakijiji ashike ya daftari. Kila kijiji kilicho karibu na kampuni kidai kusomewa daftari la masharti mbele ya watu wote, kwa lugha ya watu, neno kwa neno. Kiandike kilichoahidiwa, kilichofanywa, kilichobaki. Na kadiri amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inavyoruhusu, vijiji viombe msitu wao wenyewe, mpaka hektari 50,000, kabla mwingine hajauomba.

Mtu wa mjini ashike ya mlango. Bunge la jimbo liko hapa Kisangani. Wabunge wa jimbo kutoka Bafwasende, Yahuma na Opala wanakaa hapa, wanapita Makiso, pikipiki na toleka zetu zinawapisha. Ndugu zao wa kijijini hawawezi kuwafikia bila siku nyingi za njia. Sisi tunaweza kwa mwendo wa dakika chache. Mwalimu, mwendesha toleka, mama wa soko kuu: kila tunapowaona, tuwaulize maswali mawili bila matusi. Mwaka huu sekta zenu zimepokea kiasi gani cha zile 15? Na mmedai lini kwamba baraza la sekta lichaguliwe?

Mtu wa mjini asiseme hayo hayamhusu. Kisangani inakula kwa mkono wa msitu. Mbao za nyumba, mkaa wa jiko, samaki, ndizi, franka za mchimbaji zinazozunguka sokoni, vyote vinatoka huko. Mwaka 1960 mkoa huu ulipiga kura kama mtu mmoja: chama cha Lumumba kilipata viti 58 katika 70 vya Bunge la mkoa. Hapakuwa na kura ya mjini na kura ya msituni. Watu walisema wanataka kuwa na neno juu ya ardhi yao. Bendera walipata. Neno juu ya ardhi bado linadaiwa, na sheria ya kulidai tunayo mkononi.

Tunadai, basi, waziwazi: sekta na cheferi zote za Tshopo zipewe mabaraza yaliyochaguliwa, na kila franka ya madini na ya miti isomwe mbele ya baraza hilo. Mizani ya dhahabu iko tayari kila asubuhi. Tunataka na mizani ya watu iwekwe mezani, mahali ambapo kila mtu ataiona.